Maji ya Nakuru Hayana Mlango wa Kutokea: Mazungumzo na Wenye Ploti na Mafundi wa Ujenzi



Nimetumwa na ofisi ya mawasiliano ya kaunti nizungumze nanyi kuhusu sheria za mazingira zinazohusu ujenzi na uchimbaji wa ardhi. Najua neno "sheria" likitajwa mbele ya watu wa mjengo, wengi husikia "faini", na wengine husikia "kitu kidogo". Kwa hivyo sitaanza na sheria. Nitaanza na mteremko, kwa sababu ukishauelewa mteremko wa Nakuru, sehemu kubwa ya sheria hizi utaweza kuitunga wewe mwenyewe.

Ukisimama kwenye ukingo wa Menengai na kutazama kusini, unaona jiji lote limelala kwenye mteremko, na chini kabisa ziwa. Kutoka upande wa Mau unakuja Mto Njoro. Kutoka Bahati na miteremko ya Menengai kunashuka mikondo ambayo kiangazi hukauka kabisa, hata watoto wakacheza mpira ndani yake. Yote hii inaelekea mahali pamoja. Mombasa wana bahari. Kisumu wana ziwa ambalo Mto Nile hulitoa maji. Sisi, jiji la nne la Kenya tangu tarehe 1 Desemba 2021, tuna ziwa lisilo na mto wa kutoka. Kinachoingia Ziwa Nakuru, kiwe maji, mchanga, saruji au majitaka, hakina mlango wa kutokea. Jua hukausha maji tu. Mengine yote yanabaki.

Na siku hizi hata maji yenyewe hayakauki kama zamani. Mwaka 2010 ziwa lilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita 40 za mraba. Miaka kumi baadaye lilikuwa limepita 60. Lango kuu la hifadhi ya wanyama lilimezwa na maji, likahamishwa. Wakazi wa Baruti na Mwariki hawahitaji mimi niwaeleze, waliona maji yakiingia shambani na mengine mlangoni. Wataalamu wametaja mvua nyingi kuliko kawaida kuwa sababu kubwa, pamoja na misitu iliyokatwa huko juu na udongo unaoporomoka. Mvua hatuiwezi. Udongo tunauweza, na hapo ndipo mjengo wako unapoingia.

Nieleze kidogo kuhusu udongo huo, maana si kila mtu anajua amesimama juu ya nini. Sehemu kubwa ya ardhi yetu ni majivu ya volkano yaliyokauka na kuganda. Kikiwa kikavu kinabeba nyumba bila shida. Kikilowa na maji yakapata njia, kinayeyuka kama sukari kwenye chai. Chini ya majivu hayo kuna nyufa za zamani za Bonde la Ufa. Maji ya mvua yakizama kwenye ufa, hubeba ile chembechembe laini kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, mpaka kunakuwa na pango ambalo aliye juu halioni. Halafu inanyesha usiku mmoja kwa nguvu, paa la pango linaanguka, na asubuhi watu wanasema ardhi imepasuka. Mwezi Machi 2018 nchi nzima ililiona jambo hilo kule Suswa, barabara ya Mai Mahiu kuelekea Narok ilipokatwa. Magazeti ya ng'ambo yakaandika kwamba Afrika inagawanyika mara mbili. Huenda ikagawanyika baada ya mamilioni ya miaka, ila kilichokata barabara wiki ile kilikuwa maji ndani ya majivu. Hapa jijini, wakazi wa upande wa magharibi, Rhonda na Kaptembwa, wanayajua mashimo ya namna hiyo kwa muda mrefu.

Sasa fikiria mtu anayejenga gorofa juu ya ardhi ya aina hiyo bila kuchunguza udongo, kisha anachimba shimo la kunyonya majitaka ya wapangaji wote pale pale pembeni ya msingi. Anamwagilia maji ufa ambao hajui kama upo. Fundi anaweza kuwa hodari, nondo zikawa za kutosha, saruji ikachanganywa vizuri, na bado nyumba ikaegemea. Ndiyo maana afisa wa mipango anapokuuliza majitaka yataenda wapi, hakusumbui. Kama bomba la majitaka limefika mtaani kwenu, jiunge nalo. Kama halijafika, mweleze mhandisi aupime udongo kabla hajachora tangi, asilichore kwa mazoea ya ploti ya mteja aliyepita.

Haya, tuje kwenye vibali.

Mlango wa kwanza ni kaunti. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna kuanza uendelezaji wowote wa ardhi bila ruhusa ya maandishi kutoka kwa kaunti. "Uendelezaji" ni neno pana. Si nyumba peke yake. Kugawa shamba kuwa ploti kumo. Kubadilisha matumizi, kwa mfano nyumba ya kuishi igeuke baa au karakana, kumo. Anayeanza bila ruhusa, akipatikana na hatia mahakamani, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Zaidi ya hapo kuna ilani ya utekelezaji, ile karatasi inayobandikwa ukutani ikikuambia usimamishe kazi au urudishe ardhi ilivyokuwa. Msiipuuze wala kuibandua usiku. Kuibandua hakuiondoi kwenye faili.

Sheria hiyo hiyo, hata hivyo, inatubana sisi wa kaunti pia, na sehemu hiyo ndiyo wananchi wengi hawaijui. Ukiwasilisha ombi lako kikamilifu na siku 60 zikapita bila jibu la maandishi, sheria inachukulia kuwa umepewa ruhusa. Kuna wenzangu ambao wangependa nisiitangaze sana. Mimi naona ni lazima itangazwe. Unapopeleka ombi, hakikisha unapata uthibitisho wa kupokelewa wenye tarehe, uuhifadhi pamoja na hati ya ploti. Na ukinyimwa ruhusa, una haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi, na una siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango ya ardhi. Mtu akikuambia "njoo kesho" mara tano, huna haja ya kutafuta mjomba aliye ofisini. Hesabu siku zako.

Lakini msiichukue hiyo siku ya 61 kama tiketi ya kila kitu. Ukimya wa kaunti haukupi leseni ya NEMA, wala haukuruhusu kujenga kwenye ukingo wa mto.

Hapo ni mlango wa pili. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, hufanya kazi chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Miradi imepangwa kulingana na hatari yake: hatari ndogo, ya wastani na kubwa. Mradi mdogo huandikiwa ripoti fupi tu. Mkubwa, kama bwawa kubwa au dampo la taka, unafanyiwa uchunguzi kamili, na wakazi wanapewa nafasi ya kusoma ripoti na kutoa maoni. Watu wengi huniambia, "Mimi najenga nyumba yangu ya vyumba vitatu, NEMA ya nini?" Usikisie. Pita ofisini kwao, uliza mradi wako unaangukia daraja gani, upewe jibu. Kuuliza hakutozwi. Kinachogharimu ni kuuliza baada ya nguzo kusimama, kwa sababu leseni hii inatakiwa kabla ya kazi kuanza.

Sisemi mengi kuhusu usajili wa mradi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, maana mafundi mnaujua kuliko mimi. Ninachowaomba ni hiki: lile bango la mradi lenye jina la mwenye kazi, mkandarasi na nambari za vibali liwekwe mahali jirani anaweza kulisoma. Nimeona mabango yaliyogeuzwa yakatazama ndani ya uzio. Bango la namna hiyo linamsomea nani?

Mlango wa tatu ni maji, na hapa naomba tukae kidogo.

Ukingo wa mto una kipimo. Kanuni za maji zinataka uache kati ya mita 6 na mita 30 kutoka mahali ambapo maji hufika yanapojaa kabisa, kutegemea upana wa mto. Rudieni maneno hayo: yanapojaa kabisa. Hatupimi kutoka pale maji yalipo mwezi wa pili, mto ukiwa uzi. Tunapima kutoka pale yanapofika mvua ya Aprili ikipiga. Makosa mengi ninayoyasikia kwenye malalamiko ya wakazi yanaanzia hapo. Muuzaji wa ploti anamleta mteja Januari. Mteja anaona bonde kavu lenye nyasi, linapendeza, bei ni nafuu. Anaambiwa "hiyo ni njia ya ng'ombe tu". Hati inatoka, ukuta unajengwa kukatiza lile bonde, na Aprili maji yanarudi kudai njia yao. Yakikuta ukuta, yanakwenda kwa jirani ambaye hakununua bonde lolote.

Hati ya kumiliki ardhi haibadilishi mahali mto unapopita. Kabla ya kulipa, muulize mzee aliyeishi eneo hilo miaka 30, si dalali. Mwambie akuonyeshe maji yalifika wapi mwaka wa mvua kubwa. Halafu mpeleke mpimaji.

Kwa wenzetu wa Naivasha, Kihoto ni funzo lililo wazi. Ziwa lilipanda mwaka 2020 likaingia mtaani, watu wakahama. Mwaka 2025 likaingia tena, na safari hii familia nyingi zilitolewa kwa mashua kutoka nyumba zao za kupanga. Mwenye nyumba anaweza kuwa na karatasi zote. Mpangaji aliyepoteza godoro, vitabu vya watoto na duka la mbele ya nyumba hana karatasi ya kumrudishia chochote. Naona uchungu wa hali hiyo, na sitawaambia kwamba kila aliye pale alivunja sheria, kwa sababu ziwa lenyewe limevuka mipaka ambayo watu wengi walikuwa wameizoea. Lakini ploti mpya zinazokatwa karibu na maziwa yetu leo, Naivasha, Nakuru au Elementaita, haziwezi kupimwa kwa kumbukumbu za miaka ya ukame.

Na kuna jambo zito zaidi, ambalo kaunti hii ililipia kwa maisha ya watu.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa lilipasuka kule Solai. Maji yaliteremka mlimani gizani, yakabeba nyumba, ng'ombe na watu. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Suala la nani alikosea lilifika Seneti na likafika mahakamani, nami si hakimu. Ninalozungumzia ni bwawa lenyewe. Bwawa la udongo linahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, linahitaji mhandisi, linahitaji njia ya kupitishia maji yanapozidi, na linahitaji mtu wa kulikagua kila msimu. Mkulima wa Subukia, Rongai au Njoro anayekodisha tingatinga wikendi moja achimbe bwawa lake juu ya kijiji, akirundika udongo bila kuushindilia, anaweka tani za maji juu ya vichwa vya watu ambao hakuwauliza. Kuvuna maji ya mvua ni jambo jema na tunalihimiza. Bwawa dogo lililochorwa na kukaguliwa ni baraka kwa shamba. Ila lisichimbwe gizani, wala lisisimamiwe na dereva wa tingatinga peke yake.

Miaka sita baadaye, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yalibomoka tena juu ya Mai Mahiu. Wengi walidhani ni bwawa jingine. Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji chini ya reli kuzibwa na takataka, udongo na miti. Presha ikazidi, tuta likaachia, na makumi ya watu wakapoteza maisha wakiwa usingizini. Kwangu, hicho ndicho kisa ambacho kila fundi angekitafakari, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejenga bwawa. Lilijijenga lenyewe mahali ambapo njia ya maji iliziba.

Sasa shuka kutoka reli uje mtaani kwako. Lori linamwaga kokoto na mchanga kando ya barabara, nusu juu ya mtaro. "Ni kwa wiki moja tu." Wiki inakuwa miezi mitatu. Mvua inakuja, mchanga unashuka, kalveti inaziba, na maji yanaingia kliniki, duka au darasa lililo chini. Udongo uliochimbwa wa msingi ni hivyo hivyo. Unamlipa mtu wa mkokoteni auondoe, huulizi anaupeleka wapi, kumbe ameumwaga korongoni mita 200 kutoka hapo. Sheria ya udhibiti wa taka ya mwaka 2022 inamfanya mwenye taka awe na wajibu juu ya taka zake, na mabaki ya ujenzi ni taka. Hesabu gharama ya kuuondoa udongo ndani ya bajeti ya mjengo tangu mwanzo, kama unavyohesabu misumari.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Kelele za eneo la ujenzi zina kikomo, mchana kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na usiku kikomo hicho hushuka sana, hasa karibu na makazi, shule na hospitali. Kumwaga zege saa tano usiku chini ya dirisha la mgonjwa si bidii ya kazi. Vumbi linyunyiziwe maji na uzio uwekwe. Machimbo ya mawe na mchanga yanahitaji vibali na yanahitaji kufukiwa kazi ikiisha, maana shimo lililoachwa wazi hujaa maji, na watoto huenda kuogelea.

Mama mmoja aliniuliza kabla ya kikao hiki, "Kijana, haya yote ni ya matajiri. Mimi nina mabati 20 na fundi wa mtaa. Nitatoa wapi pesa za mchoraji, mpimaji na vibali?" Swali hilo ni la haki, na sina jibu la kumfurahisha. Gharama zipo, na kwa mwenye ploti ndogo zinauma. Ninachoweza kumwambia ni kwamba maswali makubwa kuliko yote hayahitaji pesa: maji hupita wapi, yatatoka vipi kwenye ploti yangu, choo kiko umbali gani na kisima cha jirani. Aende ofisi ya mipango ya kaunti ndogo akiwa na nakala ya hati yake, aulize kabla hajanunua jiwe la kwanza. Majirani wanaojenga mtaa mmoja wanaweza kuchanga wamlipe mpimaji mmoja akague mkondo wote kwa siku moja. Nyumba ndogo iliyojengwa mahali salama inamzidi mwenye gorofa aliye ndani ya mkondo.

Nimeulizwa pia, "Nikiona jirani anajenga mtoni, nifanye nini? Sitaki uadui." Anza kwa kuzungumza naye, maana pengine na yeye alidanganywa na dalali. Asiposikia, andika barua fupi yenye tarehe, mahali na unachokiona, upeleke kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa NEMA, na kama ni mto au bwawa, nakala kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Piga picha kukiwa na mvua, si kiangazi. Barua ina nguvu kuliko simu, kwa sababu mtu ataulizwa baadaye aliifanyia nini. Na ikishindikana kabisa, Katiba ya 2010, katika vifungu vya 42 na 70, inakupa haki ya mazingira safi na ya kwenda mahakamani kuidai, bila kulazimika kuthibitisha kwamba wewe au mtu mwingine ameshapata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko hapa hapa Nakuru. Huhitaji kungoja maji yaingie chumbani ndipo uwe na kesi.

Mvua za masika huanza Machi. Mwenye rundo la mchanga juu ya mtaro, tafadhali mtafute mtu wa mkokoteni wiki hii. Sasa niko tayari kwa maswali, na afisa wa mipango aliyekaa hapa mbele ameleta ramani ya wadi, njooni mwonyeshe ploti zenu ziko wapi.